Korosho za Siku ya Bendera

Mwaka ule wa bendera nilikuwa mhudumu wa mezani katika hoteli moja ya ufuoni, Diani. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, koti jeupe lenye vifungo vya shaba, na tabia ya kujiona mjanja kuliko wenzangu wote. Koti lilikuwa mali ya hoteli. Ujanja nilidhani ni wangu.

Tulilala wanne katika chumba kimoja cha nyumba ya wafanyakazi, nyuma ya banda la kuni. Wa kwanza alikuwa mpishi, mtu mzima wa Vanga, ambaye ujanani alipelekwa vitani Burma akarudi na vitu viwili: kovu la shingoni na mchezo wa karata uitwao poka. Wa pili alikuwa mtunza bustani, Mdigo wa Tiwi, mtu wa sala tano na maneno machache. Alinizidi miaka kumi na zaidi, nami nilimwita kaka. Wa tatu alikuwa kijana wa bara aliyeuza vinywaji baa, mcheshi, mwenye redio ndogo ambayo hakuna aliyeruhusiwa kuigusa. Wa nne ni mimi.

Wageni walikula saa saba mchana, wakaenda kulala, na chai yao haikutakiwa mpaka saa kumi. Kwa muda wa saa moja na nusu hoteli nzima ilitulia. Ndipo tulipokutana katika chumba cha mashuka, tukatandika shuka moja kuukuu sakafuni, na mpishi akatoa karata zake zilizolainika kwa kushikwashikwa.

Hatukucheza kwa pesa. Pesa ingekuwa kamari, na mtunza bustani asingekaa hata dakika moja. Tulichezea korosho mbichi, zilizo na maganda yake, kwa sababu zingekuwa zimekaangwa mwuza baa angezila zote kabla ya kugawa mkono wa pili. Kila Jumamosi kila mtu alianza na korosho thelathini, na Alhamisi kabla ya kengele ya chai tukazihesabu. Aliyezidi wote ndiye aliyechagua kwanza siku yake ya mapumziko ya wiki iliyofuata. Wa mwisho aliangukia Jumatatu, siku ambayo hakuna mtu aliyeitaka. Msimamizi wetu hakujali nani anapumzika lini, mradi tu wawepo watu kazini. Mtunza bustani aliihesabu kuwa kura tu, na kura si haramu. Sisi wengine hatukumbishia, maana bila yeye tungekuwa watatu.

Mchezo wenyewe ulikuwa rahisi kuuelewa. Kila mtu anaweka korosho moja katikati, anapewa karata tano, na kabla ya kubadilisha karata yoyote anaamua kama ataingia au atatoka. Kisha walioingia wanabadilisha karata wasizozitaka, wanawekeana tena, na mwishowe wanaonyeshana, mwenye karata bora akazoa korosho zote; huo ndio mkono mmoja. Mpishi alitufundisha kwa maneno ya jeshini, lakini hayakudumu. Chumba kile kilikuwa na adabu zake. Anayetaka kuweka alisema "karibu" na kutaja korosho ngapi. Anayekubali kuweka kiasi kile alisema "nimekaribia". Asiyetaka alifunika karata zake akasema "starehe", kama unavyomjibu mtu uliyemkuta anakula nawe huna haja ya chakula chake.

Miezi miwili ya mwanzo nilipigwa vibaya. Niliingia kila mkono, kwa kuwa kukaa nje kulinichosha, na kila mara nilijiambia kwamba karata za kubadilisha zitakuja kuniokoa. Hazikuja. Nilipumzika Jumatatu nane mfululizo, na nguo zangu zikawa safi kuliko za mtu yeyote Diani, kwani hakukuwa na jambo jingine la kufanya.

Jumatatu zile ndizo zilizonifungua macho. Nikiwa nafua, nilikuwa nakumbuka mikono niliyopoteza mmoja mmoja, na nikaona kwamba karibu yote niliipoteza mwanzoni kabisa, pale nilipoamua kuingia na takataka. Yaliyofuata yalikuwa matokeo tu. Basi nikaanza kusema starehe. Nilisema starehe mara nne, mara tano mfululizo, mpaka mwuza baa akaniuliza kama nimefunga. Niliingia nikiwa na ree mbili, au wafalme wawili, au bibi wawili, na wakati mwingine hata bibi niliwaacha ikiwa ningelazimika kusema wa kwanza. Ree, kwa asiyejua karata, ndiyo kubwa kuliko zote. Na anayegawa husema wa mwisho, baada ya kuwasikia wenzake wote, kwa hiyo zamu yangu ya kugawa ndiyo niliyoipenda, na hapo nililegeza masharti kidogo.

Jambo la pili nililojifunza lilikuwa kuwatazama watu badala ya karata. Mpishi hakuwahi kuongeza korosho akiwa hana kitu. Alijifunza mchezo mbele ya watu wenye bunduki na uongo haukumkaa. Akisema "karibu sita", ulimwachia korosho zako ukashukuru kwamba zimebaki nyingine. Mwuza baa aliingia kila mara kwa korosho mbili, kwa karata yoyote. "Naingia tu, nione," alikuwa akisema. Lakini ukimwongezea kumi, aliona haraka sana na kutoka. Ilitosha kumsubiri aingie, kisha kumkaribisha kwa kishindo, na mbili zake zikawa zako kabla hata ya kubadilisha.

Mtunza bustani ndiye aliyenichukua muda kumwelewa. Yeye hakusema starehe kamwe kabla ya kubadilisha karata. Nilidhani ni mroho, kisha nikadhani hajui mchezo. Siku moja nilimwuliza, naye akanishangaa.

"Mtu amekwambia karibu," alisema. "Utamkatalia kabla hujaonja? Onja kwanza. Ukishaonja tonge moja, hapo waweza kusema umeshiba."

Alikuwa amekuja na adabu ya kwao mpaka ndani ya karata. Ukimkaribisha kwa korosho mbili, anakaribia. Ukimkaribisha kwa kumi na tano, anakaribia vilevile. Baada ya kubadilisha alikuwa huru kutoka, na mara nyingi alitoka, lakini zile za kwanza zilikuwa zimeshaingia. Mwingine angeona haya kulijua jambo kama hilo. Mimi niliona shamba lililo wazi. Nikawa, nikishika karata nzuri naye akiwa ndani, simkaribishi kwa mbili wala tatu. Namkaribisha kwa kumi na mbili, na namkaribisha mapema. Kumdanganya sikujaribu, maana huwezi kumtisha kwa uongo mtu anayeona kukataa ni utovu wa adabu. Nilimsubiri tu niwe na kitu. Kwa njia hiyo nilianza kupumzika Ijumaa, naye akaanza kupumzika Jumatatu, na hakulalamika hata siku moja.

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa ilipotangazwa kwamba Uhuru umekaribia na bendera mpya itapandishwa Kwale asubuhi ya siku yenyewe, mbele ya watu wote wa wilaya.

Baba yangu alikuwa Msambweni, na macho yalikuwa yanamwisha. Mtoto wa jicho alikuwa ameshalifunga la kulia. La kushoto lilibaki na ukungu, rangi anaiona, sura anaikisia kwa sauti. Nilipokwenda kumsalimu mwezi ule, aliitikia marahaba yake, akanikalisha, akasema bila kuzunguka:

"Nimeiona bendera nyekundu ya Sultani. Nimeiona ya Mwingereza. Nataka niione na hii yetu kabla jicho halijafunga. Usije ukanisimulia. Nataka niione mwenyewe."

"Nitakupeleka, baba," nilimwambia.

Nilisema hivyo kwa wepesi, kama mtu mwenye ruhusa mfukoni. Hapakuwa na mwingine wa kumpeleka. Mama alishafariki, na dada yangu aliolewa Vanga, ambako mvua za vuli zilikuwa zimeikata barabara. Niliporudi kazini nikakuta habari mpya. Hoteli ilikuwa imejaa wageni, kutakuwa na karamu bustanini, na kila mkono unatakiwa. Sisi wanne wa chumba chetu, alisema msimamizi, mmoja tu ataruhusiwa kutoka kwa siku mbili, mkesha na siku ya bendera, na tuamue wenyewe nani.

Tuliamua kama tulivyozoea. Atakayezidi korosho Alhamisi ile ndiye atakayekwenda.

Kila mmoja alikuwa na lake. Mwuza baa alitaka kwenda Mombasa kucheza dansi, wala hakuficha. Mpishi alisema amevaa sare ya Mwingereza miaka minne na angependa kuiona bendera yake ikishushwa. Mtunza bustani alisema tu kwamba aliwaahidi watoto wake wanne. Mimi niliwaeleza habari ya baba. Sikuwaeleza ili wanionee huruma, au labda nilitaka kidogo, sasa siwezi kuapa. Siku mbili kabla ya Alhamisi, mtunza bustani alikuwa anakata ua la mchongoma karibu na veranda nami nafuta meza. Akaniuliza:

"Jicho la mzee likoje?"

"Lile moja bado, kaka. Lakini kila nikienda naliona limezidi."

"Hata rangi?"

"Rangi anaona. Sijui mpaka lini."

Aliitikia kwa kichwa akaendelea na mkasi wake. Nami niliendelea na meza zangu, na moyoni, naona aibu kusema, nilikuwa nahesabu ni mikono mingapi imebaki ya kumla korosho.

Alhamisi ilipofika, bahati ilikuwa imemwendea yeye. Wiki nzima alikaribia na kila alipobadilisha alipata. Ulipobaki mkono mmoja kabla ya kengele, yeye alikuwa na korosho arobaini na moja, mimi thelathini na nne, mwuza baa ishirini na tano, mpishi ishirini. Kugawa ilikuwa zamu yangu. Vidole vyangu vilikuwa na jasho mpaka karata zikanatana.

Nilizifungua zangu polepole. Nilikuwa na ree mbili, na nyingine tatu zisizo na maana.

Mwuza baa aliingia kwa mbili, aone. Mtunza bustani alikaribia kwa mbili. Mpishi alizitazama zake, akasema starehe, akaegemea marobota ya mashuka kwa uchovu. Ilikuwa zamu yangu kusema, na kila nilichojifunza kwa Jumatatu nane kilikuwa kinaniambia jambo lilelile.

"Karibuni kumi na mbili," nilisema.

Mwuza baa aliguna na kutoka. Mtunza bustani hakunitazama hata usoni.

"Nimekaribia," alisema, akazisukuma korosho zake katikati kwa kiganja, taratibu.

Nilibaki na ree zangu mbili nikabadilisha tatu. Zikaja tisa mbili na tano moja. Nilikuwa na jozi mbili, ree na tisa, karata ambazo mwezi mzima hazikuwa zimeniangusha. Yeye alibadilisha mbili tu. Mpishi angekuwa ndiye aliyebadilisha mbili, ningekimbia, maana mtu anayebakisha tatu mara nyingi ana tatu zinazofanana. Lakini mtunza bustani alikuwa na kawaida ya kubakisha jozi pamoja na karata yoyote kubwa aliyoipenda sura. Nilikwisha kumwona akifanya hivyo mara kumi. Nilimjua, au ndivyo nilivyojiambia. Yeye, aliyetangulia kusema, hakuweka kitu.

"Karibu," nilisema. "Ishirini na moja. Zote nilizo nazo."

Alizitazama karata zake. Kisha alinitazama mimi, kwa muda mrefu kuliko alivyowahi kunitazama tangu nimjue. Nje kulikuwa na mtu anafagia, na nakumbuka nilitamani aache.

"Starehe," alisema. "Nimeshiba."

Alizifunika karata zake na kuzipeleka chini ya fungu lote. Mpishi alinyoosha mkono azifunue, kwa udadisi tu, lakini mtunza bustani alishaweka kiganja juu yake. Sheria ilikuwa upande wake, kwa kuwa karata ambazo hukuzilipia kuziona huzioni. Mpishi akacheka akauondoa mkono. Tulizihesabu korosho. Mimi nilikuwa na hamsini na moja.

Nilifurahi vibaya sana. Jioni ile nilihudumu mezani huku nikiimba kimoyomoyo, nikimwaga supu kidogo hapa na pale. Nilijisimulia mkono ule toka mwanzo hadi mwisho, jinsi nilivyomsubiri, jinsi nilivyombana mapema, jinsi uzito wa ishirini na moja ulivyomvunja. Sikujiuliza kwa nini.

Siku ya bendera nilimchukua baba tangu alfajiri. Alivaa kanzu iliyopigwa pasi na kofia ya kiua aliyoiweka kwa ajili ya Idi. Lori la nazi lilitufikisha Kwale jua likiwa bado pole. Uwanja ulikuwa umeshajaa. Ngoma ya sengenya ilikuwa inachezwa upande mmoja, watoto wa shule wamepangwa upande wa pili, na harufu ya majani yaliyokanyagwa imetanda. Nilimpenyeza baba mbele kwa mabega na kwa kuomba radhi, mpaka tukasimama mahali ambapo hakuna kichwa kati yake na mlingoti.

Ilipopanda, sikumwambia neno, maana ndivyo alivyotaka. Aliinua uso, akalifumba jicho la kulia lisilofanya kazi, kama kwamba lingemsumbua, akatazama kwa lile moja.

"Nyeusi iko juu," alisema. "Kati ni nyekundu. Ya chini imechanganyika na miti. Ni kijani?"

"Ni kijani, baba."

"Nimeiona," alisema. Machozi yalimtoka, yakashuka hadi kwenye ndevu, wala hakuyafuta. Mimi pia nililia. Nilijiona mwana mwema, na nilijiona mjanja, yote mawili kwa pamoja.

Watu walipoanza kulegea tulisogea pembeni, baba apumzike. Hapo ndipo nilipoitwa. Alikuwa ni mke wa mtunza bustani, ambaye nilimfahamu kwa sababu kila mwisho wa mwezi alikuja lango la jikoni kumwona mumewe. Alikuwa na watoto wote wanne, amewashika wawili, na wawili wameshika leso yake. Alimwamkia baba kwa heshima zote, kisha akanigeukia akitabasamu.

"Kaka yako hajambo huko?"

"Hajambo, shemeji. Yuko kazini."

"Najua yuko kazini. Si ndiwe uliyemtoa na wafalme wake watatu?" Alicheka, kama mtu anayetania jambo ambalo wote wawili tunalijua.

"Wafalme gani?"

Kicheko kilimwisha. Aliona kwamba sijui, lakini alikuwa ameshaanza.

"Alikuja nyumbani Jumapili akanihadithia. Anasema ulipomwambia karibu ile ya mwisho, yeye alikuwa ameshika wafalme watatu. Akasema, nikimfuata huyu, mzee wake atabaki Msambweni. Nikamwambia, na wanao je, uliowaahidi? Akasema watoto wana macho mazima, wataiona kesho na keshokutwa. Basi nimewaleta mimi."

Wafalme watatu wanazipiga jozi mbili, hata ziwe na ree. Nilisimama pale nikizipanga karata zile upya, moja moja, zile mbili alizobadilisha, ule mtazamo, kile kiganja. Nilikuwa nimeijua adabu yake miezi yote ile na nikaifanya ngazi. Mtoto mdogo kuliko wote alikuwa ananyoosha shingo kati ya miguu ya watu bila kuona kitu, nami nikamwinua nikamweka begani, kwa kuwa sikujua la kufanya na mikono yangu.

Yule mama alipokwisha kuaga na kuondoka na watoto wake, baba alinigeukia. Alikuwa amesikia yote.

"Kumbe aliyenileta si wewe," alisema.

"Si mimi, baba."

Hakunikaripia. Alinipa mkono nimwongoze, tukaenda kulitafuta lori.

Kesho yake asubuhi nilimkuta mtunza bustani anaokota vikombe vya karatasi kwenye nyasi, mabaki ya karamu. Macho yake yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi. Nilichukua gunia nikaanza kuokota upande wa pili.

"Mzee ameiona?" aliniuliza.

"Ameiona, kaka. Rangi zote tatu."

"Alhamdulillahi," alisema. Aliokota vikombe viwili vitatu, kisha akauliza bila kuinua kichwa, "Na wanangu, uliwaona huko?"

Nilimwambia niliwaona wote wanne, na kwamba yule mdogo nilimbeba begani, akaiona.